Vyombo Vilivyochorwa Ukutani na Msamiati wa Mwaloni: Hoja kutoka Ukanda wa Shinyanga na Geita

1.0 Utangulizi

Mtafiti anayekwenda Kilwa Kisiwani, Songo Mnara au Gedi kutafuta gudi la mawe lililopambwa kwa nakshi za vyombo vya baharini atarudi mikono mitupu. Waswahili wa kale walijenga misikiti, majumba na makaburi kwa matumbawe na chokaa, lakini kazi ya kuunda na kutengeneza vyombo hawakuijengea nyumba ya mawe. Chombo kilipandishwa ufukoni wakati wa bamvua, kikategemezwa kwa magadi, na maji yalipokupwa mafundi wakakikalafati, wakakipaka deheni au sifa, kisha wakangoja maji yarudi. Gudi lilikuwa ufuko wenyewe. Hata neno “gudi” lilikuja pwani kutoka Bara Hindi, kama vile “nahodha” na “bandari” yalivyotoka Uajemi.

Hata hivyo, vyombo vimo ukutani. Katika lipu ya chokaa iliyofunika kuta za majengo ya miji hiyo kuna michoro ya merikebu iliyokwaruzwa kwa ncha ya chuma au ya kitu kingine kigumu. Peter na Margaret Garlake waliishughulikia michoro hiyo katika makala yao ya mwaka 1964 iliyochapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na tangu hapo imekuwa zaidi mali ya wanaakiolojia. Wanaisimu wa Kiswahili, kwa jumla, wameipita kando, kana kwamba mchoro wa chombo hauna uhusiano wowote na lugha ya watu waliokichora.

Makala hii inadai mambo mawili. Kwanza, michoro hiyo ni ushahidi wa historia ya msamiati wa Kiswahili, na haiwezi kuelezwa barabara bila istilahi za mafundi na mabaharia. Pili, uchunguzi wa istilahi hizo hauwezi kuishia pwani. Ukanda wa Shinyanga na machimbo ya dhahabu ya Geita, ambao aghalabu hauhesabiwi katika mijadala ya ubaharia wa Waswahili, una ushahidi wa lugha ambao pwani peke yake haiwezi kuutoa. Madai haya ya pili huenda yakamshangaza msomaji, kwani Mkoa wa Shinyanga hauna hata hatua moja ya ufuko. Ndiyo sababu yanahitaji kuthibitishwa kwa utaratibu.

2.0 Kilichomo Ukutani

Kilwa ilikuwa katika kilele cha utajiri wake mwanzoni mwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta huko mwaka 1331. Sehemu kubwa ya utajiri huo ilitokana na biashara ya dhahabu iliyotoka bara kusini na kupitia Sofala. Jumba la Husuni Kubwa, upanuzi wa Msikiti Mkuu na, baadaye, nyumba za Songo Mnara ni matunda ya biashara iliyoendeshwa kwa vyombo. Ni jambo la maana, basi, kwamba katika kuta za miji hiyo kuna picha za vyombo.

Lazima itambuliwe, hata hivyo, kwamba michoro hiyo si pambo la mjenzi. Mihrabu, vidaka na vizingiti vilichongwa na fundi aliyelipwa, kwa kipimo na kwa mpango. Mchoro wa chombo ulikwaruzwa na mtu mwingine, baada ya lipu kukauka, pengine miaka mingi baadaye. Aghalabu una mistari michache tu: mkunjo wa mwili wa chombo, mlingoti, foromali, kamba kadhaa na labda usukani. Kwa hiyo hauwezi kulinganishwa moja kwa moja na nakshi za merikebu za hekalu la Borobudur huko Java, zilizochongwa katika jiwe mnamo karne ya 8 na ya 9 zikiwa sehemu ya mpango mzima wa jengo. Huko mchongaji alitumwa. Huku hakuna aliyemtuma. Tofauti hii inaongeza thamani ya michoro ya pwani kwa mwanaisimu, kwa sababu asiyetumwa huchora kile anachokiona kuwa cha lazima ili chombo kitambulike kuwa chombo.

Mombasa inatoa mfano wa aina nyingine. Katika Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593, kuna picha za merikebu zilizochorwa ukutani kwa mkaa na udongo mwekundu kabla ya ngome hiyo kutwaliwa na Waomani mwaka 1698. Merikebu hizo ni za Kireno na waliozichora ni Wareno. Hapa tunao, katika pwani moja, wachoraji wa lugha mbili waliotazama bahari ileile. Uchambuzi wowote unaoweka michoro hii yote katika kapu moja la “michoro ya kale ya merikebu” unapoteza jambo la msingi, yaani nani aliyechora na aliviitaje alivyovichora.

Michoro hii haitadumu. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, na kuanzia mwaka 2004 hadi 2014 yalikuwa katika orodha ya urithi ulio hatarini kwa sababu ya kubomoka kwa kuta na mmomonyoko wa ufuko. Jiwe la tao likianguka laweza kuinuliwa na kurudishwa mahali pake. Lipu ikidondoka, mchoro umekwisha. Hata majengo yanayotazamiwa kuwa hifadhi hayana dhamana: Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883 na ambayo ukumbi wake uliwekwa mtepe uliojengwa upya kwa ajili ya maonyesho, iliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020.

3.0 Jina la Chombo na Jina la Kiungo

Tatizo la kwanza la kiisimu ni la majina. Katika maandishi ya Kiingereza neno “dhow” hutumika kwa karibu kila chombo cha tanga cha Bahari ya Hindi. Baharia wa Lamu au wa Unguja hasemi hivyo. Yeye ana jahazi, mashua, dau, mtepe, sambuku, betili na ngalawa, na kila jina lina umbo lake, kazi yake na mahali pake. James Kirkman, aliyechimbua Gedi kuanzia mwaka 1948, aliita mojawapo ya nyumba za mji huo kwa jina la chombo kilichochorwa ukutani mwake, naye alitumia neno hilo la jumla. Mwandishi wa Kiswahili akitafsiri jina hilo kuwa “Nyumba ya Dau”, atakuwa ametaja chombo mahususi ambacho mchoro haukukithibitisha. Tafsiri hiyo ingeonekana kuwa ya Kiswahili, lakini maana yake ingekuwa ya kigeni.

Makala hii inapendekeza kwamba maelezo ya michoro yatofautishe ngazi mbili za msamiati. Ngazi ya kwanza ni ya viungo: omo, tezi, mkuku, mlingoti, foromali, tanga, usukani, na matengo kwa ngalawa. Ngazi ya pili ni ya aina za vyombo. Majina ya ngazi ya kwanza yanaweza kutumiwa mara tu kiungo kinapoonekana. Majina ya ngazi ya pili yatumiwe pale tu ambapo mchoro una alama inayobainisha aina hiyo na kuitenga na nyingine.

Mfano wa mtepe unaonyesha jinsi kanuni hii inavyofanya kazi. Chombo hicho, ambacho James Hornell alikieleza kwa kirefu mwaka 1941 na ambacho kilitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, kilikuwa na sifa mbili mashuhuri: mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi bila misumari, na tanga lake lilikuwa mkeka wa mraba. Tanga la mraba huonekana katika mchoro. Mshono hauonekani katika mistari michache iliyokwaruzwa kwenye lipu. Mtafiti anayeona tanga la mraba ana haki ya kuandika “tanga la mraba”. Akiandika “mtepe”, amedai pia mshono ambao hakuuona. Kadhalika, kukosekana kwa kiungo katika mchoro si uthibitisho kwamba chombo hakikuwa nacho, maana mchoraji huacha mengi.

Hatari ya kuruka ngazi hii haiko pwani tu. Katika mapango ya Nyero, wilayani Kumi, Uganda, kuna michoro myekundu ya maumbo marefu yaliyopinda ambayo baadhi ya watafiti wameyaeleza kuwa mitumbwi iliyopakia watu, na wengine wakayafananisha na maganda ya mbegu za migunga. Mistari ni ileile. Kilichotofautiana ni jina, na jina likishatolewa, jicho la msomaji wa baadaye hulifuata. Mwanaisimu anajua nguvu hiyo ya jina kuliko mtaalamu mwingine yeyote, na kwa hiyo wajibu wa kuidhibiti ni wake.

4.0 Bahari Iliyobebwa Mabegani

Mpaka hapa hoja imehusu pwani. Swali linalofuata ni kwa nini mjadala huu uwahusu wanafunzi na walimu wa Shinyanga na Geita, mahali ambapo hakuna msikiti wa matumbawe wa karne ya 14 wala jahazi.

Jibu la kwanza ni la kihistoria. Ubaharia wa pwani ulipanda bara kwa miguu. Mnamo Novemba 1874 msafara wa Henry Morton Stanley uliondoka Bagamoyo ukiwa na mashua iliyoitwa Lady Alice, iliyogawanywa vipande na kubebwa na wapagazi. Vipande hivyo vilipita Usukuma na kuunganishwa Kagehyi, kusini mwa Ziwa Viktoria, mwanzoni mwa mwaka 1875. Katika miaka hiyohiyo mfanyabiashara aliyejulikana kwa jina la Songoro aliunda jahazi Ukerewe, na chombo hicho kiliingia katika mapatano yake na wamisionari wa Kiingereza kabla ya yeye na wamisionari wawili kuuawa huko mnamo Desemba 1877. Fundi aliyeunda chombo cha namna ya pwani katika ufuko wa ziwa hakuacha maneno yake Bagamoyo. Aliyachukua pamoja na shoka na keekee. Baadaye, mwaka 1928, reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza kwa kupitia Shinyanga, na njia hiyo ikaunganisha kwa kudumu bandari ya bahari na bandari ya ziwa.

Jibu la pili ni la kiisimu, nalo lina uzito zaidi. Mafundi wa pwani walipofika ziwani hawakukuta ukimya. Walikuta watu wenye vyombo vyao na majina yao. Mitumbwi mikubwa ya Ssese, ambayo Kabaka Mutesa aliitumia katika vita vyake, iliundwa kwa mbao zilizoshonwa, kama mtepe. Lugha za eneo hili zilikuwa na mzizi wa Kibantu wa kale wa kutajia chombo cha majini: Kisukuma kina “bwato”, Kiganda kina “eryato”, na mbali zaidi upande wa magharibi Kilingala kina “bwato”. Katika Kiswahili cha kawaida mzizi huo umetoweka, na mahali pake pamechukuliwa na jina la jumla “chombo” pamoja na majina mahususi ya aina mbalimbali.

Tulinganishe sasa jina la kiungo. Kiswahili kina “kafi”, Kiganda kina “enkasi”, kwa kifaa kilekile cha kupigia maji. Maumbo hayo mawili ni ndugu: konsonanti /p/ ya asili, mbele ya irabu ya juu, imekuwa /f/ katika lugha moja na /s/ katika nyingine. Yaani pwani ilibadili jina la chombo lakini haikubadili jina la kafi. Jambo hili linaunga mkono kanuni iliyotolewa katika sehemu iliyotangulia. Majina ya aina za vyombo hubadilika upesi kwa kufuata biashara na mitindo ya uundaji, ilhali majina ya baadhi ya viungo na zana huweza kudumu kwa karne nyingi. Mtafiti wa michoro ya Kilwa anayetaka kujua ni majina yapi yanayoelekea kuwa ya kale kuliko michoro yenyewe hawezi kuyabainisha kwa kutazama lahaja za pwani peke yake. Hana budi kuyalinganisha na lugha za bara, na ulinganisho huo unaanzia ziwani.

5.0 Mwalo wa Samaki na Mwalo wa Dhahabu

Mfano wa tatu ni wa siku hizi. Katika fukwe za Ziwa Viktoria, ukiwemo upande wa wilaya za Geita na Chato, mahali mitumbwi inapotia nanga na samaki kupimwa huitwa “mwalo”, wingi “mialo”. Neno hili lina ndugu zake katika lugha za Maziwa Makuu; Kiganda, kwa mfano, kina “omwalo” kwa maana ya mahali pa kufikia vyombo. Kiswahili cha kanda ya ziwa kimelikubali kabisa, hata kikagawa kazi kati yake na neno lililotoka pwani: penye meli na gati husemwa “bandari”, penye mitumbwi na wavuvi husemwa “mwalo”.

Lakini neno hilo halikubaki ufukoni. Katika machimbo madogo ya dhahabu ya Geita, na vilevile ya Kahama mkoani Shinyanga, mbali na maji ya ziwa, “mwalo” ni mahali ambapo mawe yaliyosagwa karashani huoshwa kwa maji yanayoteremka juu ya mbao zilizoinamishwa na kutandikwa nguo au magunia ya kunasa dhahabu. Mchimbaji anayesema “nakwenda mwaloni” katika ukame wa Kahama hataji ziwa. Anataja mahali ambapo mzigo wa duarani hufikishwa, hukutana na maji, hupimwa na kugawanywa baina ya wenye hisa.

Kwa mtazamo wa semantiki, sifa tatu zinaziunganisha maana hizi mbili: maji, kufika kwa mzigo, na mgawanyo wa pato. Uhusiano huo unaweza kuthibitishwa au kukanushwa kwa njia iliyo wazi. Wachimbaji wazee waulizwe neno lilitumiwa lini na wapi kwanza. Machimbo yaliyo karibu na ufuko yalinganishwe na yaliyo mbali. Maneno yanayofuatana na “mwalo” katika sehemu zote mbili yaorodheshwe, ili ionekane kama yamehama peke yake au yamehama pamoja na jamaa zake. Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Inafaa kabisa tasnifu ya uzamili, na anayefaa zaidi kuifanya ni mwanafunzi aliyezaliwa katika ukanda huo.

Uhusiano wa mwalo wa Geita na kuta za Kilwa si wa kubuni. Kwa pande zote mbili dhahabu na chombo vimekutana, na kwa pande zote mbili msamiati wa kazi umeachwa bila kuandikwa kwa sababu wenye kazi hawakuwa waandishi. Aliyekwaruza merikebu katika lipu ya Songo Mnara aliyajua majina ya kamba zote alizozichora. Hakuna aliyemwuliza.

6.0 Pingamizi na Majibu

Pingamizi la kwanza litasema kwamba kutumia istilahi za mafundi wa karne ya 20 kuelezea michoro ya karne ya 14 ni kuvuruga wakati. Pingamizi hili lina haki, na kanuni ya ngazi mbili imetolewa kwa ajili yake. Anayesema “mlingoti” hadai kwamba mtu wa Kilwa wa wakati wa Ibn Battuta alitamka neno hilo. Anatumia lugha ya utafiti iliyo karibu zaidi na kitu kinachotafitiwa. Istilahi za Kiingereza nazo ni za mafundi wa zama na bahari nyingine kabisa, na hakuna anayezikataa kwa sababu hiyo.

Pingamizi la pili litasema kwamba michoro hii ni mchezo wa watoto au wa watu waliokaa bure. Huenda mingine ni hivyo. Lakini mtoto wa mji wa bandari anapochora chombo hukichora kwa ujuzi wa mji wake, na kosa lake pia lina maana. Isimu imekwisha kujifunza kwamba lugha ya mtoto na ya mlevi ni data kama ilivyo ya shehe na ya mshairi.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi: maneno ya ziwa ni ya Kisukuma, Kikerewe, Kizinza au Kiganda, na kwa hiyo hayaihusu kamusi ya Kiswahili. Msimamo huo hauwezi kutetewa kwa kutazama historia ya kamusi zenyewe. Kamusi ya Charles Sacleux, iliyochapishwa kati ya mwaka 1939 na 1941, ina utajiri wa istilahi za ubaharia kwa sababu mtungaji wake aliyakubali maneno ya lahaja mbalimbali na kuyatia alama za mahali yalikotoka. Hakuyatupa kwa kuwa hayakuwa ya mji mmoja. Kama “gudi” la Bara Hindi na “nahodha” wa Uajemi wana uraia katika Kiswahili, itakuwa ajabu “mwalo”, unaosemwa kila siku na wasemaji wa Kiswahili wa Geita na Kahama, kuzuiwa mlangoni.

7.0 Kinachopaswa Kufanywa

Yafaa ikumbukwe kwamba Kiswahili hakishindwi kupata maneno pale wasemaji wanapoyahitaji. Machi 2017, serikali ilipozuia usafirishaji wa mchanga wa madini nje ya nchi na makontena 277 kutoka migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, mkoani Shinyanga, yakakutwa bandarini Dar es Salaam, neno “makinikia” lilienea nchi nzima kwa muda wa wiki chache. Lilitoka midomoni mwa wataalamu likafika sokoni kwa sababu watu walitaka kujua mali yao iko wapi. Kinachokosekana katika msamiati wa vyombo ni haja iliyotambuliwa, wala si uwezo wa lugha.

Na haja ipo. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na kuua mamia ya abiria. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara, na zaidi ya watu 200 wakafa. Sababu za ajali hizo ni kazi ya wahandisi na mahakama. Lakini elimu ya usalama majini hutolewa kwa Kiswahili, kwa wavuvi na abiria wa mialo, nayo haina budi kutaja uzito, mizani na sehemu za chombo. Pwani kuna neno “farumi” kwa mzigo unaowekwa chini ili chombo kisiyumbe, na “ngama” kwa sehemu ya chini ambamo maji hukusanyika. Mkaguzi aliyesomea pwani, fundi wa Nkome na abiria kutoka Kahama wanapaswa kuelewana wanapotamka maneno ya namna hiyo. Kama kila mmoja ana lake, na hakuna kamusi iliyoyaweka pamoja, onyo linalotolewa ufukoni laweza kusikika bila kueleweka.

Muda nao si mwingi. Tarehe 19 Juni 2025 lilizinduliwa daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, katika njia iendayo Sengerema na Geita kutoka Mwanza. Ni neema kubwa kwa wasafiri, hasa wagonjwa waliokuwa wakikesha wakingoja pantoni. Kwa mtafiti wa lugha ni kengele, kwa sababu mabaharia na wapakiaji waliofanya kazi katika kivuko hicho watatawanyika pamoja na msamiati wao. Kadhalika, mafundi wa mitumbwi ya mbao wanaona kazi yao ikibadilika kadiri vyombo vya chuma na vya nyuzi za kioo vinavyoongezeka.

Kutokana na hayo, mapendekezo manne yanatolewa. Kwanza, kila mchoro wa chombo katika magofu ya pwani upigwe picha, upimwe na uelezwe kwa Kiswahili, kwa kutumia majina ya viungo kabla ya majina ya aina. Pili, nakala za michoro hiyo zipelekwe kwa mafundi na manahodha wazee wa Lamu, Unguja, Pemba na Kilwa, na majibu yao yarekodiwe hata yanapopingana. Tatu, orodha ileile ya viungo ipelekwe katika mialo ya Ziwa Viktoria, ipatiwe majina ya Kiswahili cha huko na ya lugha za wenyeji, na vilevile iendelezwe hadi mialo ya dhahabu ya Geita na Kahama. Nne, matokeo yaingizwe katika kamusi yakiwa na alama za mahali, kwa mfano wa Sacleux, ili msomaji aone neno linasemwa wapi na nani.

8.0 Hitimisho

Wanafunzi wa Kiswahili wanaotoka Shinyanga na Geita wamezoea kudhani kwamba historia ya lugha hii iko pwani na kwamba wao ni wageni wake. Ushahidi uliotolewa hapa unaonyesha kwamba maswali muhimu kuhusu vyombo vya Kilwa hayajibiki bila “bwato”, “enkasi” na “mwalo”. Hivyo mgawanyo wa kazi unaofaa ni huu: pwani itoe michoro na mafundi, ziwa litoe maneno ya kulinganishia, na idara za Kiswahili ziwaunganishe wote. Orodha ya awali ya viungo mia moja vya chombo, ikijazwa katika vituo vitano vya pwani na vitano vya ziwa, ingetosha kuanzisha kazi hiyo katika mwaka mmoja wa masomo.